Nyuzi za Gome Zisihukumiwe kwa Mizani ya Nailoni

Makala iliyodai kwamba nyuzi za magome ni dhaifu, zinanyonya maji na zinaoza, hivyo mahali pake ni makumbusho, imekosea hukumu. Selulosi, inayounda nyuzi hizo, hupenda maji, kweli. Ndiyo sababu nguo ya gome hunyonya jasho. Huoza, kweli, ila nailoni iliyotupwa ziwani haiozi, na hilo ni balaa. Lakini udhaifu? Selulosi ina takriban gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, nyuzi za kioo 2.5 hivi. Pima nguvu kwa uzito, pengo kati yake na kioo linapungua sana.

Mwandishi angemtazama fundi wa Buganda akibandua gome la mti wa mutuba na kulipondaponda kwa nyundo za mbao zenye mifuo, mpaka linatanuka kuwa shuka pana, laini, bila uzi hata mmoja kufumwa: nyuzi zilikwisha kupishana zenyewe ndani ya mti. Shina hufungwa majani ya mgomba, gome huota tena, na mti uleule huvunwa miaka mingi. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005.

Kasoro ya kweli, ambayo makala haikuigusa, ni kwamba nguo hiyo ikilowa hulegea na haistahimili kufuliwa kwa nguvu. Wanakemia wetu, anzieni hapo.