Hedifoni Mpya na Saa Zake Mia



Juma hili nina barua ya mama mmoja wa familia. Jina lake na kijiji chake naviacha, maana jambo lenyewe lawahusu wengi. Mama huyu anakaa na baba yake mzee, ambaye masikio yake yamechoka. Kila jioni mzee hutaka kufuata Rozari redioni, na ili asikie hana budi kuifungulia redio mpaka majirani wasali pamoja naye, wapende wasipende. Basi mama akauza mbuzi, akaenda mjini, akanunua hedifoni, yaani vile vyombo vya kusikilizia vivaliwavyo kichwani na kufunika masikio yote mawili. Akarudi kwa furaha. Siku ya pili mzee akasema, "Mwanangu, upande wa kushoto hausemi vizuri." Mama akampigia simu mwenye duka. Naye akajibu, "Usiwe na wasiwasi, mama. Hizo ni mpya, hazijafunguka bado. Zipigishe muziki saa mia, nawe utaona zitakavyobadilika."

Saa mia! Kwao hakuna umeme. Simu hupelekwa kuchajiwa kwenye duka lenye paneli ya jua, na kila mara ni kulipa. Mama akavumilia siku kumi na nane, simu ikienda na kurudi, hedifoni zikiimba peke yake juu ya kabati. Saa zilipotimia mzee akazivaa, akasema, "Kushoto ni kule kule." Mama akafunga safari ya mjini, na huko akaambiwa kwamba siku saba za kubadilisha bidhaa zimekwisha pita. Sasa aniuliza mambo mawili. Je, ni kweli hedifoni mpya yahitaji kuzoezwa? Na je, angaliuza mbuzi wawili badala ya mmoja, angalipata kitu bora?

Kabla ya kuyaandika haya nilimpigia simu, nikamwuliza neno moja tu: "Mama, umezivaa mwenyewe?" Akasema hapana, ni za baba. Nikamwomba afanye jambo fulani, nalo nitalieleza mwishoni.

Mwenye duka yule simwiti mwongo. Yawezekana naye aliambiwa hivyo akasadiki, maana wako hata wenye elimu, huko Ulaya na Marekani, wanaobishana juu ya jambo hili miaka na miaka. Tena neno lenyewe laingia akilini upesi. Nani kati yetu hajui kwamba chungu kipya hakianzi tu kupikiwa? Kwanza hutayarishwa. Ngoma nayo huotwa motoni kabla ya kupigwa, na viatu vipya huuma mpaka vikubali mguu. Mwenye pikipiki mpya huambiwa asiikimbize siku za kwanza. Kwa nini basi hedifoni isiwe hivyo?

Haya, tuifungue tuone ndani. Katika kila kikombe cha hedifoni kuna kiwambo, kama cha ngoma, lakini cha plastiki nyembamba sana, wembamba wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Nyuma ya kiwambo kumegandishwa koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa, na koili hiyo imekaa karibu na sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, kiwambo kikatikisika pamoja nayo, na mtikisiko huo ndio sauti tuisikiayo. Ni hayo tu. Hamna mafuta ya kuenea wala meno ya chuma ya kusagana kama katika injini. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu na kukaza kwa joto kwa sababu ni ngozi; plastiki ile haina tabia hiyo.

Yawezekana kiwambo kipya ni kigumu kidogo? Tuseme ndiyo. Sasa pigeni hesabu. Sauti nene ya besi hukitikisa kiwambo yapata mara 100 kwa sekunde moja. Kwa dakika moja ni mara 6,000, na kwa robo saa ni mara 90,000. Kama kuna ugumu wa kulainika, utakuwa umelainika kabla chai haijachemka. Spika kubwa, kama zile za kanisani au za harusini, zina koni kubwa iliyoshikwa na kitambaa kilichokunjwakunjwa, na kweli kitambaa hicho hulegea kidogo spika inapoanza kazi. Labda ndiko habari hii ilikotoka. Lakini kiwambo cha hedifoni ni kidogo, nacho husogea kidogo sana.

Kampuni ya Shure ya Marekani iliwahi kupima vyombo vyake vya masikioni aina ya E1, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1997, ambavyo vilikuwa vimetumika sana. Vikapimwa kwa mashine, na vipimo vikawa vile vile vya siku vilipotoka kiwandani. Kama miaka ya kutumika haikuvibadilisha, saa mia za juu ya kabati zitafanya nini?

Hata hivyo watu wengi husema, "Mimi nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe zikibadilika." Nami nawasadiki kwamba walisikia mabadiliko. Ila kilichobadilika si kiwambo. Kwanza ni mito ile laini inayokaa juu ya masikio: kwa joto la kichwa hubonyea na kushika vizuri zaidi, na hapo besi huongezeka. Jaribuni wenyewe. Vaeni hedifoni, kisha zibonyezeni kwa mikono kwa upole: sauti nene itakua papo hapo. Halafu inueni ukingo kidogo: besi yote yatoroka. Kina mama wanaozivaa juu ya kilemba, na wazee wenye miwani, hupoteza besi nyingi bila kujua sababu. Mabadiliko hayo ya kukaa vibaya kichwani ni makubwa kuliko yote yanayosemwa juu ya saa mia.

Pili, anayezoezwa ni msikilizaji. Mgeni akilala karibu na mashine ya kusaga, asubuhi huamka na kichwa kinamuuma. Mwenyeji hana habari ya mashine ila siku inaponyamaza. Ndivyo masikio yetu tulivyoumbiwa. Sauti mpya hutushangaza leo, na baada ya juma moja twaiona ndiyo sauti ya haki.

Atakayebisha na ajaribu hivi. Watafutwe majirani wawili wenye hedifoni za aina moja, moja iliyotumika na moja mpya. Afungwe macho, mtu mwingine amvalishe mara kumi bila utaratibu, naye aseme kila mara ni ipi. Akipata tano, amebahatisha. Akipata tisa au kumi, na aniandikie, nami nitaomba radhi katika ukurasa huu huu.

Lakini hasara ya mafundisho haya, kwangu mimi, ni siku. Muda wa kurudisha bidhaa ni siku saba, au kumi na nne kwa wenye huruma. Saa mia za mtu wa kijijini ni zaidi ya juma mbili. Mnunuzi akikubali kungoja, haki yake imekwisha kabla hajajua kama amepata kitu kizima. Kwa hiyo chombo kijaribiwe pale pale dukani, masikio yote mawili, kwa sauti ya mtu anayesema na kwa wimbo wenye besi. Mpindepinde waya penye pini na penye kikombe huku mkisikiliza. Ikikatika hata mara moja, rudisheni.

Swali la pili ni la bei. Twapenda kusema rahisi ni ghali, na kwa jembe neno hilo ni kweli. Kwa hedifoni si kweli sana. Mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alitoa katika jarida la elimu ya sauti la Marekani matokeo ya kupima hedifoni 283 za bei mbalimbali. Alitazama jinsi kila moja inavyogawa sauti nene na sauti nyembamba, kisha akalinganisha na bei yake. Hakuona uhusiano wowote. Za bei kubwa hazikuwa na sauti ya namna moja iliyo bora, wala za bei ndogo hazikukosa sauti nzuri.

Basi fedha hununua nini? Mara nyingine hununua jina na boksi zuri, na mara nyingine hata jina ni la kuibwa. Penye uaminifu hununua mwili: utepe wa chuma kichwani badala ya plastiki, skrubu mahali pa gundi, mito inayovuliwa na kubadilishwa, waya unaochomolewa. Sony MDR-7506 zinauzwa tangu mwaka 1991, na mafundi wa kurekodi hawaziachi. Huko Marekani bei yake ni yapata dola 100, wakati ziko nyingine zinazopita dola 1,000. Zimefungwa kwa skrubu, na vipuri vyake vyapatikana. Sasa tazameni upande wa pili. AirPods za Apple zilipotoka mwaka 2016, watu wa iFixit, ambao kazi yao ni kufungua vyombo na kuona kama vyatengenezeka, walizipa alama 0 kati ya 10. Ghali, nzuri kutazama, lakini betri yake ikichoka ndio mwisho.

Kwa sisi wa vijijini natoa shauri langu, nalo ni la mtu mmoja tu: nunueni za waya. Hazitaki kuchajiwa. Tena katika simu nyingi waya huo ndio antena ya redio. Ndiyo maana simu hukataa kufungua redio mpaka uuchomeke. Waya nao hukatika karibu kila mara mahali pale pale, pembeni ya pini, kwa kukunjwa mfukoni. Fundi redio aweza kutia pini mpya. Ila mwambieni jambo moja: nyuzi za shaba za ndani mara nyingi zimepakwa vanishi ya rangi, nyekundu, kijani au ya dhahabu. Asipoichoma au kuikwangua kwanza, risasi haitashika, naye atasema waya umekufa kumbe ni mzima. Mafundi wangapi wametupa hedifoni nzuri kwa sababu hiyo!

Wala wasizipigishe kwa sauti ya juu kabisa usiku kucha ati zifunguke. Hilo laweza kuiunguza koili, na huko ndiko kuungua pekee ninakokujua. Masikio nayo yahurumiwe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za juma, na mtoto desibeli 75. Kwa kuwa hatuna kipimo, sauti isipite sehemu sita katika kumi za nguvu ya simu. Nawatazama hasa vijana wanaolala nazo.

Sasa turudi kwa yule mama. Nilichomwomba ni hiki: azigeuze. Kikombe cha kushoto kivaliwe na sikio la kulia, na cha kulia kivaliwe na la kushoto, kisha mzee aseme ni wapi panapososa. Udhaifu ukihamia upande wa kulia, hedifoni ni mbovu. Ukibaki kushoto, hedifoni hazina kosa.

Jibu lilinifikia baada ya siku mbili. Ulibaki kushoto. Mama alizivaa mwenyewe, akasikia pande zote sawasawa. Nikakumbuka nilivyokuwa nimekwisha mhukumu mwenye duka moyoni, nikaona haya kidogo. Lakini pia nikahesabu: siku kumi na nane sikio la mzee lilingojea plastiki ifunguke. Kwa bahati halikuwa jambo la haraka, ingawa lingaliweza kuwa. Mtu akipoteza usikivu wa sikio moja kwa ghafula, akimbizwe hospitali siku ile ile. Nikamwambia ampeleke zahanati, na njiani asikubali mtu achokoe kwa njiti ya kiberiti.

Huko wakachungulia, wakakuta sikio la kushoto limezibwa na nta ngumu ya siku nyingi. Wakamtilia dawa ya kuilainisha, akarudi baada ya siku chache, wakamwosha kwa maji ya vuguvugu. Jioni ile akavaa hedifoni zake kwa ajili ya Rozari, akazivua upesi, akamwita binti yake ampunguzie sauti.