Kidonge cha Askari wa Zamani

Huko Marekani, hospitali za serikali za askari wa zamani hutoa zaidi dawa zisizo na jina la kiwanda kilichozianzisha. Wako wanaowaambia wazee hao: «Mmepewa takataka.» Uongo, twasema sisi! Sheria ya mwaka 1984 yataka ziwe na dawa ileile ndani, kwa kipimo kilekile; rangi na umbo ndivyo vyaweza kutofautiana.

Lakini hatuwasifu wagawaji wote. Mzee amezoea kidonge chekundu cha shinikizo la damu. Leo apewa cheupe, bila neno. Akikitupa, au akimeza vyote viwili, tumlaumu yeye? Na kama kweli chamdhuru, daktari aweza kumwombea kile chenye jina. Basi amwombee, asimfukuze kama mwombaji mlangoni.