Mbwa Mwitu Asing'olewe Meno

Wako watu wasemao kwamba ngano za kale za Ulaya huvunjiwa heshima zikigeuzwa kuwa michezo ya redio ya kuchekesha. Huona haya kumsikia mbwa mwitu akipiga chafya, au malkia akigombana na kioo chake juu ya bei ya poda. Ngano, wasema, ni amana. Na iachwe kama ilivyotoka kwa wazee. Msomaji, neno hilo ni tamu masikioni, lakini si kweli.

Ilitoka kwa wazee gani? Charles Perrault alipochapisha hadithi zake mjini Paris mwaka 1697, msichana wa kofia nyekundu aliliwa na mbwa mwitu, na hadithi ikaishia hapo. Mwindaji wa kumwokoa twampata kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812. Na ndugu hao hao, wanaosifiwa kuwa walinzi wa asili, hawakuacha kutengeneza na kubadili: katika chapa yao ya kwanza aliyemwonea wivu Snow White alikuwa mama yake mzazi, katika chapa ya 1819 akawa mama wa kambo. Wala Perrault hakuogopa mzaha. Mwisho wa hadithi ya Cinderella alitia mafunzo mawili, na la pili lasema kwa kejeli kwamba akili na ushujaa havimfikishi mtu mbali asipokuwa na mkubwa wa kumshika mkono. Basi mcheshi wa leo amevunja heshima gani ambayo mwenye hadithi hakuivunja kwanza?

Walakini siwatetei wacheshi wote. Wengi ni wavivu. Humpa mbwa mwitu sauti ya kipumbavu, wakadhani kazi imekwisha. Kumbuka, msomaji, kwamba redio haina macho. Yale maswali ya msichana kando ya kitanda, masikio makubwa, macho makubwa, mpaka meno, ni kama yalitungwa kwa ajili ya sikio, kwa kuwa kila jibu huyaleta meno karibu zaidi. Kichekesho kikipenyezwa hapo, twacheka kwa sababu twaogopa. Hofu ikiondolewa, hubaki makelele tu.

Sikiliza santuri ya Stan Freberg, iliyotoka Marekani mwaka 1953. Upande mmoja una hadithi ya Mtakatifu George na joka. Upande wa pili una msichana wetu, na zote mbili zasimuliwa kwa kuiga Dragnet, mchezo wa upelelezi ulioanza redioni mwaka 1949. Polisi mwenye sauti kavu amchunguza mtoto apelekaye vitafunio kwa nyanya yake, kana kwamba ni magendo. Tena kofia si nyekundu, ni ya buluu. Na mchezo watangaza kwamba rangi imebadilishwa ili kuepusha uchunguzi. Wakati huo wakomunisti walikuwa wakisakwa nchini humo, na mtu kuitwa mwekundu kuliweza kumpotezea kazi. Meno ya mbwa mwitu hayakung'olewa. Yamehamia kinywani mwa mpelelezi.

Sasa wanaolalamika watuambie ni nani aliyedhihakiwa katika santuri ile: msichana mwenye kikapu, au wachunguzi?