Mtoto Achezwaye na Viungo Hana Kosa

Kuna taabu moja iingiayo majumbani kimya kimya, nayo haizungumzwi barazani. Mtoto wa miaka 6 au 7, mzima wa mwili na mwepesi wa akili, huanza kupepesa macho pasipo vumbi. Baada ya majuma machache macho hutulia, lakini pua huanza kukunjwa, au bega kurushwa, au shingo kupinduliwa upande mmoja. Mwingine husafisha koo kila mara kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki, au huguna, au huvuta pua pasipo mafua. Mama humwambia aache. Huacha kidogo, kisha huanza tena kwa nguvu zaidi. Juu ya jicho linalorukaruka watu husema kwamba mtu achezwa na jicho. Basi mtoto huyu achezwa na viungo. Madaktari huiita hali hii kwa neno lililotoka katika Kifaransa, tiki.

Mzazi akiona hivyo hujiuliza maswali mawili ambayo kila mzazi mwema angejiuliza. Hali hii imetoka wapi? Na je, hakuna dawa ya asili, isiyo na madhara, ya kumponya mwanangu? Leo twataka kuyajibu maswali hayo, maana pale mzazi akosapo jibu la kweli hujitokeza watu watatu kumpa jibu la uongo: jirani mwenye maneno mengi, mwalimu mwenye fimbo, na mwuza dawa mwenye chupa.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Ufaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyekuwa katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliandika habari za wagonjwa tisa waliokuwa wakirusha viungo na kutoa sauti pasipo kutaka. Ndiyo maana hali hii ikiwa kubwa, yaani viungo kadhaa vikacheza na sauti nayo ikatoka, kwa muda uliopita mwaka mmoja, huitwa ugonjwa wa Tourette. Tangu siku hizo uchunguzi umeendelea, na leo yajulikana ya kwamba asili yake imo ndani ya ubongo, katika njia zile zinazoamua ni mwendo upi wa mwili uruhusiwe na upi uzuiwe. Yajulikana pia ya kwamba hali hii hufuata ukoo. Si ajabu babu akiulizwa vizuri aseme kuwa yeye naye, au nduguye, alikuwa hivyo hivyo utotoni.

Wavulana hupatwa kuliko wasichana, mara 3 au 4 zaidi. Kwa kawaida huanza baina ya miaka 5 na 7, huzidi baina ya miaka 10 na 12, kisha kwa walio wengi hupungua ujana unapokomaa. Watoto wengi huchezwa na viungo kwa miezi michache tu, wakapona bila ya dawa yoyote. Wenye ugonjwa wa Tourette wenyewe hawafiki mmoja katika kila watoto 100. Uchovu huizidisha hali hii, na hofu huizidisha, na hata furaha kubwa huizidisha, usingizi huituliza. Basi jirani asemaye kwamba mtoto amerogwa, au ana minyoo kichwani, au amedekezwa na mamaye, hana ushahidi. Mama huyo asibebeshwe lawama juu ya mzigo alio nao.

Sasa tuje kwa mwalimu. Iko siri moja ambayo kila mwalimu nchini angepaswa kuijua. Mtoto achezwaye na viungo aweza kujizuia kwa muda mfupi, kama vile mtu awezavyo kuzuia chafya au kuacha kujikuna mahali panapowasha. Lakini ndani yake msukumo huzidi kupanda, mpaka hana budi kuuachilia. Mwalimu humkazia macho, mtoto akajizuia. Mwalimu akigeukia ubao, mtoto akaguna. Hapo mwalimu hukata shauri: "Kumbe aweza kunyamaza! Basi hufanya makusudi." Kule kujizuia, ambako kwa kweli ni juhudi kubwa ya mtoto mtiifu, kunageuzwa kuwa ushahidi wa ukaidi wake.

Wapo watakaotukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kwa tabia, lakini haihusu ugonjwa. Hakuna aliyemponya mtoto homa kwa bakora, na hofu ya bakora ndiyo mojawapo ya mambo yanayoongeza mishtuko hii. Kanuni za viboko za mwaka 2002, zilizowekwa kwa shule za Tanzania Bara, zilitia mpaka: viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kupepesa macho si kosa kubwa wala dogo. Mwalimu ampigaye mtoto kwa sababu ya koo lake hana kanuni ya kumlinda, wala hana haki mbele ya dhamiri yake.

Tuje kwa mwenye chupa. Hapa twataka tueleweke vema, kwa sababu gazeti hili si adui wa dawa za miti. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Dawa kubwa ya malaria ya siku hizi, artemisinini, ilitoka katika mmea ambao umelimwa hata hapa nchini, na mtafiti wa Kichina aliyeivumbua, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nchi yetu ilianza mapema kuzichunguza dawa zake: kitengo cha tiba asili kiliundwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa hiyo swali letu si kama dawa imetoka porini au kiwandani. Swali letu ni kama imepimwa.

Na hapa ndipo udanganyifu ulipo rahisi kuliko katika maradhi mengine. Mishtuko hii ina tabia ya kupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mzazi hakimbilii dawa siku ya utulivu; hukimbilia siku ya wimbi kubwa. Hununua chupa, hunywesha mtoto, na baada ya majuma mawili wimbi linashuka, kama ambavyo lingeshuka hata kama mtoto angenyweshwa maji matupu. Mwuza dawa hupata sifa na fedha. Miezi mitatu ikipita wimbi likarudi, huambiwa kwamba shetani amerejea na sasa inatakiwa mbuzi. Hivyo mkulima maskini huuza mazao yake kununua kupwa kwa maji ambako kungekuja kwenyewe. Hata vidonge vya madini ya magnesi na mafuta ya samaki, vinavyosifiwa sana katika nchi za wenzetu, havijapata ushahidi wa kutosha kwamba huondoa hali hii.

Hasara ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya mwili. Mtoto mwenye kikohozi kikavu kisichokwisha hupelekwa kukatwa kimeo. Kimeo hakina kosa lolote katika jambo hili, na wembe usio safi umeleta kutokwa damu nyingi na pepopunda. Mwingine huchanjwa chale, mwingine hufukizwa moshi mpaka kifua kikabana. Sala na dua ni haki ya kila nyumba, nazo hutuliza moyo wa mzazi; lakini kumkata mtoto koo kwa ajili ya maradhi ya ubongo ni jambo ambalo halina dini wala mila ya kulitetea.

Je, mzazi aliyetafuta tiba ya asili arudi mikono mitupu? Hasha. Tiba ya asili ipo, nayo haiuzwi katika chupa. Ya kwanza ni kujua, na kumweleza mtoto kwamba hana kosa wala hajarogwa. Ya pili ni kunyamaza: usimwambie "acha" kila saa, maana kumkumbusha ni kumchochea. Ya tatu ni usingizi wa kutosha, michezo ya mwili, na nyumba isiyo na makelele. Ya nne ni mafunzo maalum. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walieleza njia ya kumfundisha mtu kuutambua ule msukumo kabla haujafika, kisha kufanya mwendo mwingine unaoupinga. Arushaye mkono hufundishwa kubana kiwiko ubavuni mpaka msukumo upite; asafishaye koo hufundishwa kuvuta pumzi polepole kwa pua. Mwaka 2010 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya kuijaribu njia hiyo, pamoja na mafunzo mengine ya nyumbani, kwa watoto na vijana 126 kwa majuma 10. Katika kila 100 waliofundishwa hivyo, 53 hivi walipata nafuu kubwa. Kwa wale waliopewa maelezo na faraja tu, walikuwa 19 hivi. Hakuna aliyechanjwa, na hakuna aliyeuza mbuzi.

Dawa za hospitali nazo zipo, na tangu mwaka 1961 baadhi yake zimetumika kwa ugonjwa huu. Lakini zaweza kuleta usingizi, unene na kukakamaa kwa mwili. Kwa hiyo huwekewa wale walioelemewa, tena chini ya macho ya daktari. Mzazi akumbuke pia kwamba mtoto huyu aweza kuwa na taabu nyingine pembeni, kama kutotulia darasani, au hofu, au mawazo yasiyomtoka kichwani. Mara nyingi hizo ndizo zinazomrudisha nyuma katika masomo kuliko kupepesa kwenyewe.

Tena si kila mwili unaotikisika umetikiswa na jambo moja. Macho mekundu yanayowasha yahitaji daktari wa macho. Mtoto ambaye baada ya maumivu ya koo amelegea, mikono na miguu ikayumba kama mchezaji ngoma asiyetaka, na viungo vikauma, apelekwe hospitali upesi, maana homa hiyo hudhuru moyo, na penisilini yaweza kuukinga. Apotewaye na fahamu, hata kwa nukta chache, achunguzwe kifafa. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha tiba ya kifafa na katika miaka ya 1960 akaona watoto waliokuwa wakisinzia kichwa mara kwa mara. Watoto wa namna hiyo walionekana baadaye Uganda ya Kaskazini na Sudani Kusini, na wataalamu wameuhusisha ugonjwa huo na minyoo ya usubi. Huo si mchezo wa viungo tunaouzungumza hapa, na akaaye nyumbani akiungoja upite atachelewa.

Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alitufundisha kwamba maadui wetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo hili maadui wote watatu wameingia nyumba moja kwa mlango mmoja. Maradhi ni madogo. Ujinga ndio unaoyakuza, na umaskini ndio unaolipa gharama. Basi pa kuanzia ni penye ujinga.

Twasema mambo matatu. Kwanza, vyuo vya ualimu viweke somo fupi juu ya watoto wa namna hii. Saa moja darasani chuoni yaweza kuokoa miaka ya mateso ya mtoto shuleni. Pili, waganga wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kuitambua hali hii na kutoa yale maelezo ya kwanza kwa mzazi. Mabingwa wa maradhi ya akili ya watoto ni wachache nchini, lakini maneno ya kweli hayahitaji bingwa. Tatu, wenye mamlaka chini ya sheria ya mwaka 2002 wawabane wale wanaotangaza kwamba chupa yao huponya kila kitu, na wawalinde waganga wa jadi waaminifu wanaokubali dawa zao zipimwe.

Nayo Jumuiya ya Wazazi ya Chama chetu, ambayo mizizi yake ni TAPA ya mwaka 1955, ina kazi iliyo yake hasa. Wazee wale walikusanyika ili watoto wa Kiafrika wapate shule. Leo shule zipo. Wajibu uliobaki ni kuona kwamba mtoto aliyeketi humo hafukuzwi na aibu. Matawi ya Jumuiya yapo mpaka vijijini, na neno likitoka tawini hufika nyumba ambazo daktari hafiki.

Ewe mzazi, ulipouliza chanzo na dawa ulifanya lililo wajibu wako. Chanzo si wewe, wala si mtoto wako, wala si jirani yako. Mtazame usoni, si begani. Mpe usingizi, mpe muda, mpeleke kwa mganga aliyesoma, na uende shuleni kwake ukamweleze mwalimu kwa heshima na kwa uthabiti. Fedha ya mbuzi mnunulie daftari.