Familia ya Kiislamu itakula wapi msimu wa korosho?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba na akaturuzuku vilivyo vizuri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni mahali pa kula nje ya nyumba. Kila siku magazeti, redio na simu za mikononi hutusifia kumbi na migahawa ya Dar es Salaam, kuanzia Masaki hadi Sinza, kwamba huko ndiko kwa kwenda mtu anayetaka kuonekana wa kisasa. Sifa zinazotajwa ni muziki, taa za rangi, aina za vinywaji na watu maarufu wanaofika hapo. Ni nadra kusikia ikiulizwa iwapo baba anaweza kufika hapo na mkewe, binti yake na mama yake mzazi, wakala, wakaswali, kisha wakarudi nyumbani na heshima yao.

Mtindo huo haukuishia Dar es Salaam. Umefika pia Kusini, katika mji wa Masasi ulio chini ya majabali, na Newala iliyo juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Nasi tunauliza: Muislamu wa huko akitaka kuila na familia yake neema aliyopewa na Mola wake, ataila wapi?

Ikumbukwe kuwa kula vizuri si dhambi. Katika Suratul A'raf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe bila ya kufanya israfu, na akawakemea wale wanaojiharamishia vizuri alivyowatolea waja wake. Kwa hiyo hatuandiki kumkataza mtu kwenda mgahawani. Tunaandika kwa sababu ya namna jambo hili linavyokwenda katika miji yetu.

Kila ifikapo Oktoba, minada ya korosho huanza. Tangu msimu wa 2007/2008 mkulima amekuwa akiuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia chama chake cha msingi, na vyama vikuu vya MAMCU na TANECU vikisimamia mauzo. Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mapato ya mwaka mzima huingia kwa mkupuo, na kuanzia wiki hiyo grosari na baa hujaa. Humo mna kuku wa kuchoma, nyama, viti vya kutosha na maji ya kunawa, ila mezani pamejaa chupa. Nje ya hapo, mara nyingi kinachobaki ni banda la mama lishe lenye benchi moja, ambako mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kukaa akatulia, wala pa kuswali. Matokeo yake, baba huenda peke yake, na familia hubaki nyumbani na ugali wa muhogo na kisamvu.

Hapa ndipo penye dhulma, na hatuna budi kuitaja kwa jina lake. Korosho hizo hakuziokota baba peke yake. Mama na watoto ndio walioinama chini ya mikorosho tangu alfajiri, wakazitenga na mabibo, wakazianika na kuzichambua. Fedha ikishaingia, waliotoka jasho hawaionji. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ametufundisha kuwa katika dinari zote anazotoa mtu katika njia za kheri, yenye ujira mkubwa zaidi ni ile anayoitumia kwa ahali zake.

Wako watakaosema kwamba kumtoa mke kwenda kula nje ni mambo ya kizungu. Hao tunawakumbusha hadithi nyingine ya Imam Muslim, iliyopokewa na Anas (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja akapika, akaja kumwalika. Mtume (S.A.W.) akamwashiria Bibi Aisha (R.A.), kwa maana ya kuuliza kama naye amealikwa. Jirani akasema hapana, na Mtume (S.A.W.) akaukataa mwaliko. Akaalikwa mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu jirani akakubali, ndipo wote wawili wakaondoka kwenda kula. Tuitazame hadithi hii kwa makini. Kiumbe bora kuliko wote aliacha chakula kitamu kwa sababu mkewe hakuwamo. Je, sisi tunaomaliza kuku mzima mjini huku mama watoto akitungojea, tunamfuata nani?

Ama kuhusu kukaa kwenye meza yenye ulevi, hukumu yake iko wazi. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeharamisha ulevi na kutaja sababu zake: unatia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayopitishwa ulevi. Kwa hiyo haimtoshi Muislamu kusema, "Mimi nakunywa soda tu."

Aidha, ipo hadithi iliyowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi, na ndani yake hayumo mnywaji peke yake. Yumo anayeukamua, anayeubeba, anayeuuza na anayekula thamani yake. Tunalisema hili kwa uchungu, kwani wapo Waislamu wenzetu, waliojenga fremu nzuri kwa fedha ya korosho, wanaozikodisha kwa wafungua baa kisha wakahesabiwa katika safu ya kwanza msikitini. Maulamaa wengi wamekataza kukodisha nyumba huku mtu akijua kwamba itauziwa ulevi. Kodi ya mwezi isitupofushe.

Uko pia ulevi usiohitaji fremu. Mabibo yakianza kudondoka, hukamuliwa na kuachwa yachachuke yawe uraka, na uraka ukitoneshwa hupatikana gongo. Wako wanaojidanganya kuwa uraka ni kinywaji cha mila tu. Mtume (S.A.W.) amekwishasema kuwa kila chenye kulevya ni haramu, kiwe cha zabibu, cha tende au cha bibo. Lakini tusiliache jambo hili nusu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku hiyo, ya pili na ya tatu hadi jioni, kisha kilichosalia hunyweshwa mtu mwingine au humwagwa. Maji ya bibo yaliyokamuliwa leo, yakachujwa na kunywewa kabla hayajachachuka, ni halali na ni matamu. Tunda hilo huozea mashambani kwa wingi. Kwa nini mgahawa wa Muislamu usiwe wa kwanza kuliuza likiwa safi?

Tunajua jibu la wafanyabiashara: "Bila bia mgahawa hauendi." Historia haikubaliani nao. Katika karne ya 15, Masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Kinywaji hicho kikafika Makka, na mwaka 1511 gavana wake, Khair Beg, akakipiga marufuku, lakini watawala wa Cairo hawakumuunga mkono. Katikati ya karne ya 16 kumbi za kahawa zilikuwa zimefunguliwa Istanbul, na mwaka 1652 ukafunguliwa wa kwanza London. Kwa maneno mengine, ukumbi wa watu kukutana na kuzungumza bila ulevi ni mchango wa Waislamu kwa dunia. Muuza kahawa wa mitaani kwetu, na birika lake, vikombe vyake na kashata zake, ni mrithi wa kazi hiyo.

Tukitaka mfano wa leo, twende Unguja. Katika bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, kila jioni watu humiminika kula pweza, mishikaki na urojo na kunywa maji ya miwa. Pale Mkunazini, mgahawa wa Lukmaan huuza pilau, samaki wa nazi na maharage bila tone la ulevi, na wageni kutoka pembe zote za dunia hupanga foleni pamoja na wenyeji. Wanachofuata ni chakula kizuri, usafi na bei wanayoimudu.

Masasi haina upungufu wa wateja. Ni njia panda ya barabara za Mtwara na Lindi, Tunduru na Songea, Nachingwea na Newala. Tangu Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lilipofunguliwa mwaka 2010, wapo pia wasafiri wa Msumbiji. Newala nayo ina Shimo la Mungu, ambapo mtu husimama kwenye ukingo akaliona bonde lote la Ruvuma. Familia ngapi zingependa kukaa karibu na hapo jioni, zikipata ming'oko, mbaazi za nazi, samaki wa Mtwara na korosho za kukaanga? Ni kweli kwamba juu ya uwanda maji yamekuwa taabu ya miaka mingi, hata serikali ya kikoloni ikaanzisha mradi wa maji wa Makonde miaka ya 1950. Lakini mwenye kuezeka bati anaweza kujenga na tangi la kuvunia mvua. Maji ya kunawa na kutawadhia ndiyo mwanzo wa mgahawa wa Muislamu. Marumaru na taa zifuate baadaye.

Wala tusieleweke vibaya. Masasi imekuwa na misheni ya Kianglikana tangu mwaka 1876, na Waislamu na Wakristo wa huko ni majirani, watani, na pengine ndugu wa tumbo moja. Hatumwambii yeyote afunge biashara aliyoruhusiwa na sheria za nchi. Tunasema tujenge chetu, na mlango uwe wazi kwa wote. Wako kina mama wengi wa Kikristo wanaolia na ulevi kama wanavyolia wa kwetu.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye fedha waungane kwa ushirika wa kisharia, wagawane faida na hasara bila riba. Kamati za misikiti ziwatazame kina mama lishe, ambao tayari wana ujuzi na wanachokosa ni mtaji, banda bora na maji. Wenye fremu wachague mpangaji kabla ya kutazama kodi. Na kila baba, msimu huu fedha ikiingia, awatoe kwanza waliookota korosho, wakae pamoja, waseme Bismillahi, wale kwa mkono wa kulia, kila mmoja kilicho mbele yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) aibariki mikorosho yetu, azilinde nyumba zetu na ulevi, na aturuzuku vya halali tuvile pamoja na ahali zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.