Tunauza Maembe, Tunanunua Juisi

Misafara ya zamani ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitueneza miembe huku Unyamwezi. Lakini msimu ukifika, mama anauza ndoo ya maembe stesheni ya Tura, na kwa fedha hiyo hiyo anapitia dukani kumnunulia mgonjwa juisi ya pakiti. Embe tumelifanya chakula cha watoto na mbuzi. Juisi ndiyo heshima.

Kwa maoni yetu, hapo tunajipunja. Embe bivu lina vitamini C, lina rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho, na lina nyuzinyuzi za kulainisha choo. Ukichuja juisi, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Ukiichemsha au ikikaa, vitamini C hupungua. Sukari ndiyo haipotei! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu sukari ya juisi, hata juisi halisi, katika sukari ya kupunguzwa. Ile iliyomo ndani ya tunda zima haimo. Tena kumaliza maembe matatu ni kazi, bali juisi yake hushuka kwa mkupuo mmoja. Na pakiti nyingine ni maji, sukari na rangi tu. Someni maandishi ya ubavuni.

Mgonjwa asiyeweza kutafuna mpondeeni embe bila kulichuja. Mtoto aliyetimiza miezi sita naye apewe la kupondwa, huku akiendelea kunyonya. Juisi hana haja nayo. Mikono na embe vioshwe kwanza kwa maji safi.