MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kamera ya Video kwa Anayeanza



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia jirani yangu hapa Wawi, mtu mzima mwenye wajukuu, akanambia: "Maalim, mwanangu aliyeko Maskati ataka kuniletea kamera ya video nipate kumchukua mama, yaani bibi yake. Mama amekwisha kuwa mtu wa miaka mingi, na yeye peke yake ndiye ajuaye nasaba yetu na khabari za wazee. Mwanangu aniuliza nataka ya namna gani, na mimi hatta redio hufunguliwa na wajukuu. Nimjibu nini?"

Nilimpa jawabu lake. Lakini suali hili si lake peke yake. Wako wengi ambao jamaa zao wa ng'ambo huwaletea vyombo, na vyombo hivyo hulala kabatini kwa kuwa mwenyewe havimuelei. Kwa hivyo nimeonelea niyaandike hapa niliyomwambia.

Kwanza nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1999 niliazima kamera ya kanda ndogo, nikamchukua mwalimu wangu wa chuo akisoma na akifasiri, barazani kwake. Nilijaza kanda tatu, nikafurahi, nikazitia katika sanduku la nguo. Miaka ikapita. Mwalimu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wanawe walinijia wakataka kuisikia sauti ya baba yao. Nilipozitoa kanda, moja ilikuwa imeota koga, haikusomeka tena. Ya pili ilionyesha uso wake vizuri, na midomo ikitembea, lakini kilichosikika ni mvua juu ya bati, kwani siku ile ilinyesha na mimi sikujali. Ya tatu ilisalimika robo saa tu. Wale vijana walinishukuru kwa hiyo robo saa, nami nikaona haya. Tangu siku hiyo, kila aniulizaye juu ya kamera nami humuuliza mambo mawili: Sauti utaipataje? Na ukishachukua, utaweka wapi?

Yafaa tujue vyombo hivi vilikotoka. Mwaka 1985 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa kamera za nyumbani zenye kanda za milimita 8, zikapendwa kwa udogo wake. Mwaka 1995 zikaja kanda za dijitali, na kuanzia mwaka 2006 ukaenea mfumo wa AVCHD wa Sony na Panasonic, ambao uliwezesha kuweka picha safi katika kadi ndogo. Leo kamera mpya za nyumbani hutumia kadi, na simu za mkononi zimechukua sehemu kubwa ya kazi yao.

Basi, je, mtu anunue kamera ilhali simu anayo? Nitasema kwa insafu. Ikiwa kazi yako ni ya dakika tano, mtoto anasoma Juzuu Amma au wageni wanakula futari, simu yatosha, na pesa zako weka. Lakini kwa shughuli ya saa mbili au tatu, simu hupata moto, hujaa, hupigiwa katikati ya kazi, na jioni mwenyewe hana chaji ya kuzungumzia. Hapo ndipo kamera inapokuwa na faida yake. Na anayekwenda kuinunua, ikiwa ni Chake Chake, Darajani au Kariakoo, na aangalie mambo haya.

La kwanza ni wepesi. Kamera ya anayeanza huwaka ukifungua kioo chake cha pembeni, na huanza kuchukua ukibonyeza kifungo kimoja. Mwangaza na uwazi wa picha hujitengenezea wenyewe. Mpe dukani mtu asiyeijua. Akiweza kuchukua na kusimamisha bila ya kuelezwa mara mbili, hiyo yafaa.

La pili ni sauti. Tazama kama ina tundu la kutia maikrofoni ya nje, na tundu la kusikilizia kwa masikio. Kamera nyingi za bei ndogo hazina. Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, yenye sifongo ya kuzuia upepo, itakufaa zaidi kuliko picha ya ukubwa wa ajabu.

La tatu ni kuvuta karibu. Kuna kuvuta kwa lenzi, nako hakuharibu picha; na kuna kuvuta kwa hesabu, ambako ni kuikuza picha ile ile mpaka ikachakaa. Muuzaji akikwambia mara mia mbili, muulize: ya lenzi ni mara ngapi? Mara ishirini au thelathini za lenzi zatosha kwa uwanja wa maulidi.

La nne ni utulivu. Chagua yenye kuzuia mtetemeko kwa lenzi, na juu ya hayo ununue miguu mitatu ya kuisimamishia. Hatta meza na mto wa mchele ni bora kuliko mkono uliochoka.

La tano ni umeme. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Hatta hivyo nunua betri ya pili, kwani umeme hukatika bila ya kubisha hodi. Soma chombo cha kuchajia: kiwe kimeandikwa volti 100 mpaka 240, maana umeme wetu ni volti 230. Tena umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo kamera iweze kuchukua picha 25 au 50 kwa sekunde. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huchukua 30 au 60, na nyingine hazibadiliki. Ukizitumia usiku, taa zaweza kuonekana zikipepesa.

La sita ni kadi. Picha ya HD kamili kwa kiwango cha megabiti 17 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 8 kwa saa moja, basi kadi ya gigabaiti 64 huchukua kama saa nane. Picha ya 4K kwa kiwango cha megabiti 100 hula gigabaiti 45 kwa saa. Kwa nyumba nyingi HD yatosha.

La saba ni iliyotumika. Usinunue ya kanda, hatta ukipewa kwa bei ya andazi, kwani kanda na vyombo vya kuzisomea ni taabu kupata. Ile ya kadi, ichukulie dakika kumi papo hapo, kisha usikilize. Tazama lenzi mbele ya taa. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni koga. Na kisiwa chetu ni cha mvua: weka kamera katika kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunywa unyevu.

Ukishachukua, siku hiyo hiyo nakili mara mbili katika vyombo viwili, na kimoja kikae nyumba nyingine.

Tena kuna adabu. Omba ruhusa kabla ya kumchukua mtu. Harusini, upande wa wanawake ni amana: achukue mwanamke, kwa ridhaa ya wenyewe, na kadi isitoke mkononi mwa wenye nyumba. Ukiiuza kamera, toa kadi yako. Ama hukumu ya picha yenyewe, wanavyuoni wana maneno yao, na kila mmoja na amuulize sheikh wake.

Hayo ndiyo niliyomwambia jirani. Lakini kabla hajaondoka nilimwambia na neno jingine: "Kamera itakuja kwa safari ya mtu, na safari ya mtu huahirika. Mama yako ana miaka mingi. Simu unayo. Kesho asubuhi funga redio, kaa naye karibu, umuulize jina la babu yake." Siku ya tatu alikuja kunisikilizisha. Zilikuwa dakika kumi na moja, na jogoo akiwika ndani yake, lakini kila jina lilisikika, mpaka mahali bibi alipomwambia azime kitu chake wakale.

Kamera ingali Maskati. Yale majina yamekwisha nakiliwa mara mbili.

Wabillahi tawfiq.